Spora iliyojeruhiwa haijafa

Kopo la nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na nitriti (kemikali ya kuhifadhi nyama), lile linalokaa rafuni bila friji, hupikwa kiwandani kwa joto ambalo lingekuwa kosa kubwa kama ndani yake mngekuwa na maharage. Kipimo cha joto hilo huitwa F0: unachukua joto lote lililofika katikati ya kopo, unaligeuza kuwa dakika za nyuzi 121.1 za Selsiasi, kisha unajumlisha. Maharage, samaki na nyama isiyotiwa kitu hutakiwa kufika F0 ya 3 kwa uchache. Nyama iliyotiwa nitriti mara nyingi huishia kati ya 0.5 na 1.5, na mapaja ya nguruwe ya kopo wakati mwingine hayafiki hata hapo.

Tupige hesabu. Spora za Clostridium botulinum, yaani bakteria anayetoa sumu ya botulizimu akiwa amejifungia na kulala, zikikaa kwenye nyuzi 121.1 kwa dakika 0.21, yaani kama sekunde 13, hubaki moja katika kila kumi. Zidisha muda huo kwa 12, yaani upunguzaji huo urudiwe mara 12, unapata dakika 2.52, na ndiko ilikotoka F0 ya 3 baada ya kuongeza kidogo kwa tahadhari. Kwa F0 ya 0.5, katika kila spora 1,000 zinabaki hai kama 4. Kwa F0 ya 3 haibaki hata moja katika trilioni. Tofauti hiyo ni kubwa mno, lakini makopo ya nyama yenye nitriti yameliwa kwa miongo mingi na rekodi yake kuhusu botulizimu ni nzuri sana.

Wengi hujibu haraka kwamba nitriti ndiyo inayoua zile zilizobaki. Jibu hilo ni bovu, na ubovu wake una gharama, kwa sababu leo viwanda vinapunguza chumvi na nitriti kwa ajili ya afya ya walaji huku mpango wa joto ukiachwa ulivyokuwa. Spora ambayo haijaguswa na joto huvumilia nitriti na chumvi kwa kiwango kinachozidi sana kile kinachoweza kuwekwa kwenye chakula. Ile iliyopitia joto kali kidogo, ikabaki hai lakini imejeruhiwa, hushindwa na kiwango kidogo. Waingereza Roberts na Ingram walilionyesha hili katika miaka ya 1960: walipasha spora joto, wakazipanda kwenye midia (vyakula vya maabara vya kukuzia bakteria) zenye chumvi, nitrati au nitriti za viwango mbalimbali, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo chumvi na nitriti kidogo zilivyotosha kuzizuia zisikue. Nitrati peke yake haikusaidia sana. Usalama wa kopo lile hautoki kwenye joto peke yake wala kwenye nitriti peke yake. Unatoka kwenye mfuatano wa viwili hivyo.

Jeraha liko wapi

Spora ni bakteria aliyejifungia. Kiini chake kina maji kati ya asilimia 25 na 50 ya uzito, wakati seli inayokua ina karibu asilimia 80. Nafasi ya maji imechukuliwa na asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu, ambayo peke yake hufika kama asilimia 10 ya uzito mkavu wa spora. DNA imefunikwa na protini ndogo zinazoikinga. Kuzunguka kiini kuna utando wa ndani, mgumu kupenyeka kuliko utando wowote wa seli hai, kisha tabaka nene la peptidoglikani liitwalo koteksi, na nje ganda la protini. Kwa Bacillus subtilis, bakteria anayetumiwa sana maabara, aina za protini katika ganda hilo zinazidi 70.

Kila tabaka lina kazi yake, na hapa ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapoteleza kwa kusema tu kwamba spora "imedhoofika". Dhidi ya nini? Ukiliondoa ganda kwa alkali au kwa kemikali zinazofungua vifungo vya salfa vya protini zake, spora hubaki imara dhidi ya joto kama mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba lisozimu, kimeng'enya kinachoyeyusha peptidoglikani, sasa inaifikia koteksi, na klorini inapenya kwa urahisi zaidi. Ukiujeruhi utando wa ndani kwa klorini au ozoni, hali inakuwa nyingine: spora zinazosalia hushindwa kukua kwenye midia yenye chumvi nyingi ambayo zingeimudu, na joto la nyuzi 85 ambalo kwa kawaida halizigusi sana linaanza kuziua. Majaribio ya B. subtilis yameonyesha hivyo wazi, na sababu inaeleweka: utando huo ndio unaofanya kiini kibaki kikavu na ndio unaozuia kemikali ndogondogo kupita.

Joto la mvuke hujeruhi kwa njia nyingine. Haligusi sana DNA, kwa sababu zile protini ndogo zinailinda. Joto kavu ndilo linaloikata DNA. Mvuke huharibu protini: vipokezi vinavyotambua virutubisho na kuamsha spora, vimeng'enya vinavyoyeyusha koteksi wakati wa kuchipua, na vimeng'enya vya ndani ya kiini vinavyohitajika mara tu maisha yanapoanza upya.

Spora iliyolala haina nishati ya kujitibu. Haina ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) ya maana, haitengenezi protini, wala haiwezi kuunga kilichovunjika. Majeraha yanajikusanya tu. Matengenezo yote yanasubiri dakika ile inapoamka, inapoachia asidi ya dipikoliniki, inapofyonza maji na kuchoma akiba yake ndogo ya nishati. Kwa hiyo saa ngumu kuliko zote kwa spora iliyojeruhiwa ni ile ya kuchipua, na kemikali inayotarajiwa kuimaliza lazima iwe pale, kwa kiwango cha kutosha, wakati huo. Ikiwa imekwisha kabla, jeraha litaungwa na spora itakua kama kawaida, pengine kwa kuchelewa siku kadhaa.

Nitriti hufanya kazi katika dirisha hilo. Haizuii sana kuchipua kwenyewe. Inaisaka seli changa inayotoka, hasa protini zake zenye chuma na salfa zinazohusika na kupata nishati. Ndiyo maana nyama yenye chuma kingi huipunguzia nitriti makali, na askobati, chumvi ya vitamini C, ambayo hukamata chuma, humrudishia mtengenezaji sehemu ya nguvu hiyo. Uasidi nao una neno: kila pH inaposhuka kwa moja, tuseme kutoka 7 hadi 6, nguvu ya nitriti huongezeka kama mara kumi, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi inageuka kuwa asidi ya nitrasi isiyogawanyika, na hiyo ndiyo inayopenya.

Nitriti haikai. Ndani ya kopo inapungua wiki kwa wiki, na kwenye ghala la joto inapungua haraka zaidi. Watafiti wa Marekani waliolifuatilia suala hili katika miaka ya 1970 waliliona kuwa ni mashindano: spora zinachipua kidogokidogo na kufa, huku nitriti nayo ikiisha. Zikiisha spora kwanza, kopo limepona. Ikiisha nitriti kwanza, kuna hatari. Joto la awali linaamua mashindano hayo kwa kupunguza idadi ya wanaoshindana na kuwafanya waingie wakiwa wamejeruhiwa.

Kuna jambo moja linalochanganywa na hili. Mwaka 1967 Perigo na wenzake walionyesha kwamba nitriti ikipashwa joto ndani ya midia ya maabara hugeuka na kuwa kizuizi kikali takribani mara kumi ya nitriti iliyoongezwa baada ya midia kupoa. Wapo waliodhani hiyo ndiyo siri ya nyama ya kopo. Ndani ya nyama yenyewe athari hiyo ni hafifu mno. Hata hivyo ukiisahau maabara itakudanganya, na tutaona kwa nini.

Namba ya waliobaki ni ipi?

Ripoti ikisema "baada ya dakika 10 zilibaki spora 500", swali la kwanza liwe: zilibaki 500 kwenye midia gani? Spora iliyojeruhiwa inaweza kuhesabiwa hai kwenye agari (jeli ya midia) moja na kuhesabiwa mfu kwenye agari nyingine, siku ileile, kutoka chupa ileile. Anayetaka kujua mpango wake wa joto na kemikali unafanya kazi au la, lazima apime zaidi ya mara moja kwa njia tofauti.

Utaratibu wenyewe si mgumu, ila haukubali mkato. Tayarisha spora safi, uzioshe kwa maji baridi yaliyochujwa mara kadhaa, kisha uzitazame kwa hadubini ya fezi. Spora zilizolala hung'aa. Zilizochipua huonekana nyeusi. Kama zinazong'aa hazifiki asilimia 95, osha tena au anza upya, kwa maana zile nyeusi zitakufa kwenye joto dogo na kuupa mchoro wako wa waliobaki mwanzo wa mteremko usio wa kweli. Zipashe joto katika mirija myembamba ya kioo iliyofungwa na kuzamishwa yote. Mrija wa kawaida wa maabara uliozamishwa nusu huacha matone juu ya ukuta yasiyopata joto, nayo baadaye huonekana kama kundi la "spora sugu" mwishoni mwa mchoro. Ukitoa, tia kwenye barafu papo hapo.

Kisha panda kila sampuli kwenye sahani za aina mbili kwa uchache: midia tajiri isiyo na kizuizi, na midia ileile ikiwa na chumvi, nitriti na pH ya chakula chenyewe. Midia tajiri iongezwe wanga kama asilimia 0.1, kwa sababu wanga hunasa asidi za mafuta zilizomo kwenye agari na kwenye peptoni, ambazo spora nzima haizijali lakini iliyojeruhiwa inazijali sana. Nitriti usiiweke kwenye otoklevu, sufuria ya mvuke ya maabara, pamoja na midia. Ichuje kwenye kichujio cha mikromita 0.2 na uimimine midia ikishapoa, la sivyo utakuwa unapima ugunduzi wa Perigo badala ya kopo lako. Kama unachanganya sampuli na agari ya kumimina, ipoe hadi nyuzi 45; agari ya nyuzi 55 ni kipigo kingine juu ya majeraha.

Sahani inayosahaulika kuliko zote ni ya spora zisizopashwa joto kwenye midia yenye vizuizi. Bila hiyo huwezi kusema lolote kuhusu jeraha. Tuseme spora zisizopashwa zinatoa milioni 100 kwenye midia zote mbili, na baada ya joto unapata 100,000 kwenye midia tajiri na 1,000 tu kwenye ile yenye chumvi na nitriti. Hapo asilimia 99 ya waliobaki hai wamejeruhiwa kiasi cha kushindwa na chakula chako, na hayo mara mia ya ziada ndiyo kazi ya vizuizi. Lakini ikiwa hata zisizopashwa zilikuwa milioni moja tu kwenye midia ya chumvi, basi hizo mara mia zilikuwepo tangu mwanzo na joto halikuongeza lolote.

Muda nao. Sahani zinazosomwa baada ya saa 48 hukosa spora zinazochukua siku tano kuunga majeraha yake. Kwa clostridia (C. botulinum na jamaa zake) kwenye mirija ya chakula, wiki kadhaa ni kawaida, na majaribio ya kina huachwa miezi. Vilevile usishtuke namba ikipanda baada ya joto la nyuzi 80 kwa dakika 10. Joto dogo huamsha spora zilizokuwa zimelala sana. Joto moja linaamsha, likizidi linajeruhi, likizidi tena linaua, na mipaka ya hatua hizo hutofautiana kwa kila aina ya bakteria.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nalo ni kuita mfu kile ambacho kimekosa ufunguo tu. Zile C. botulinum zinazokua kwenye ubaridi, hata nyuzi 3, hazihimili joto kubwa, na ukizipasha kwenye nyuzi 85 au 90 kisha ukazipanda kwenye midia ya kawaida unaona zimekwisha. Ongeza lisozimu kidogo kwenye midia hiyo, baadhi zinarudi. Joto liliharibu vimeng'enya vyao vya kuyeyusha koteksi, kwa hiyo walikuwa hai ndani ya nyumba wasiyoweza kuifungua, na lisozimu inawafungulia kwa nje. Hili si la maabara tu. Ute wa yai una lisozimu nyingi, na sehemu yake inavumilia upishi wa wastani. Mtengenezaji wa vyakula vya kupashwa vyenye yai, vilivyofungwa bila hewa na kuuzwa kwenye friji, ambaye amepunguza joto chini ya mwongozo unaotumika kwa vyakula hivyo, wa nyuzi 90 kwa dakika 10 kwa sababu "maabara haikuona kitu", anapaswa kuuliza kama maabara ilitia lisozimu.

Mfuko mmoja, vizuizi viwili

Turudi kwenye kupunguza chumvi na nitriti. Sipingi nia yake. Ninapinga namna hesabu inavyofanywa.

Kinachomzuia bakteria si asilimia ya chumvi katika nyama, ni asilimia ya chumvi katika maji ya nyama. Gawanya chumvi kwa jumla ya chumvi na maji. Nyama yenye chumvi asilimia 2.5 na maji asilimia 60 ina mchumvi wa asilimia 4.0. Punguza mafuta, maji yapande hadi 70, chumvi ibaki ileile: mchumvi umeshuka hadi 3.4 na hakuna aliyegusa kijiko cha chumvi. Sasa shusha na chumvi hadi asilimia 1.8, unabaki na 2.5. Bidhaa ya "mafuta kidogo, chumvi kidogo" imepoteza zaidi ya theluthi moja ya kizuizi chake, na lebo inaonyesha habari njema mbili.

Nitriti nayo mara nyingi hutoka kwenye mfuko uleule. Chumvi ya nitriti ya Ulaya kwa kawaida ina nitriti ya sodiamu kama asilimia 0.6 au pungufu kidogo, iliyochanganywa na chumvi ya mezani. Gramu 20 kwa kilo ya nyama zinaleta miligramu 120 za nitriti. Punguza chumvi hadi gramu 14, na bila mtu kukusudia nitriti imeshuka hadi 84. Vizuizi viwili vimeanguka kwa uamuzi mmoja. (Ile ya Marekani, yenye rangi ya waridi, ina asilimia 6.25 na hutumika gramu 2.5 kwa kilo, sawa na miligramu 156. Mtu akiitia gramu 20 kwa kudhani mifuko yote ni sawa, anafikisha miligramu 1,250, na hapo si suala la spora tena, ni sumu kwa mlaji.)

Vipimo vyenyewe vina mtego. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Oktoba 2025 imeshusha viwango na kuvieleza kwa ioni ya nitriti, si kwa chumvi ya sodiamu. Miligramu 80 za ioni ni sawa na 120 za nitriti ya sodiamu. Anayesoma 80 na kupima 80 za sodiamu anatia theluthi mbili tu ya kinachoruhusiwa, na kwa bidhaa inayopikwa F0 ya 0.5 huo si uungwana kwa mlaji. Sheria ya awali ilikuwa na jambo ambalo halikupewa uzito unaostahili: iliruhusu miligramu 150 katika bidhaa za nyama kwa jumla, lakini 100 tu katika zile zilizopikwa zaidi ya F0 ya 3. Yaani mtunga sheria mwenyewe alikubali kwamba nitriti na joto hubadilishana nafasi. Kama ni hivyo, anayepunguza upande mmoja aonyeshe ameongeza wapi.

Kuongeza si lazima kuwe kukubwa. Joto la nyuzi 100 linachangia kidogo sana kwenye F0. Inachukua dakika 64 hivi kupata 0.5. Nyuzi 111 zinaipata kwa dakika tano. Retoti, lile pipa la chuma la mvuke wa kanieneo, likipandishwa nyuzi chache linaweza kufidia chumvi iliyopotea bila kuikausha nyama kupita kiasi, mradi kopo liwe dogo au jembamba na joto lifike katikati. Paja kubwa la kilo kadhaa haliwezi. Pembeni litakuwa limeiva kupita kiasi kabla katikati hapajafika popote. Kwa mapaja hayo njia ya kweli ni friji, na lebo iseme hivyo kwa herufi kubwa.

Ghala la Mombasa si ghala la Copenhagen

Makopo mengi ya nyama yanayouzwa pwani ya Afrika Mashariki yametoka nchi za baridi, na hapa hoja ya majeraha inageuka. Zipo spora za bakteria wapenda joto, maarufu ni Geobacillus stearothermophilus, ambazo hata F0 ya 3 haizimalizi. Ulaya hazina madhara kwa sababu hazikui chini ya nyuzi kama 40. Kontena la chuma linaloshinda juani bandarini linazidi hapo. Kopo halivimbi, maana bakteria huyu hutoa asidi bila gesi. Ukilifungua chakula kimechachuka. Mwongozo wa FAO kuhusu nyama ya kopo unatenga daraja la nchi za joto lenye F0 ya 12 hadi 15, kulinganisha na 4 hadi 5.5 kwa makopo kamili ya kawaida. F0 ya 12 inamaliza spora, na inamaliza pia ladha, umbile na sehemu ya vitamini.

Hapa ndipo nisini ina nafasi ambayo naona haitumiki vya kutosha. Ni peptidi inayotolewa na Lactococcus lactis, bakteria wa maziwa yaliyoganda, na imekubaliwa na kamati ya pamoja ya FAO na WHO tangu 1969. Haiizuii spora kuamka. Inajishika kwenye lipidi ya II, malighafi ambayo bakteria hujengea ukuta wake, na kutoboa utando wa seli changa mara ganda linapofunguka. Spora iliyopashwa joto kwanza huangushwa na nisini kidogo kuliko ile nzima, na G. stearothermophilus ni miongoni mwa wanaoiogopa zaidi. Kwenye jibini ya kuyeyushwa, inayopikwa kati ya nyuzi 85 na 105 kwa dakika chache, joto linajeruhi clostridia na nisini inawamaliza. Ulaya inaruhusu hadi miligramu 12.5 kwa kilo.

Anayeitumia ajue kusoma pakiti. Unga wa dukani kwa kawaida una nisini halisi asilimia 2.5 tu, wenye uniti milioni moja kwa gramu. Miligramu 5 za nisini halisi kwa kilo ya chakula ni miligramu 200 za unga huo. Anayepima miligramu 5 za unga ametia moja ya arobaini ya dozi, na kosa hili hutokea. Nisini hupenda uasidi. Kwenye pH ya karibu 7 huyeyuka vibaya na sehemu yake kubwa huharibika ndani ya retoti, kwa hiyo dozi ihesabiwe kwa kinachobaki baada ya kupika. Haifanyi lolote kwa bakteria wa Gramu hasi. Na katika kopo la pH zaidi ya 4.6 lisilo na nitriti, haipaswi kutumika kushusha joto chini ya F0 ya 3. Pale inasaidia dhidi ya uharibifu wa chakula, si dhidi ya sumu.

Mpangilio wa hatua, kwa jumla, haubadilishiki. Ukipiga spora mionzi kwanza halafu joto, joto linaua zaidi kuliko lingeua peke yake, kwa sababu mionzi imejeruhi koteksi na kiini kimeingiwa na maji. Ukianza na joto halafu mionzi, faida hiyo kwa sehemu kubwa haionekani. Anayesafisha pilipili manga au karafuu kabla ya kuzitia kwenye soseji, viungo ambavyo hubeba spora nyingi za Bacillus, ananufaika na mpangilio wa kwanza bila kutumia shilingi ya ziada: viungo vikipigwa mionzi, joto la soseji linafuata lenyewe.

Hospitali zina toleo lao la tatizo hili kwa Clostridioides difficile, bakteria anayesababisha kuhara. Pombe ya mikono haiui spora zake. Sabuni na maji huziondoa. Sakafuni hutumika klorini ya sehemu 1,000 hadi 5,000 kwa milioni, na dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ikichanganywa sehemu moja kwa sita za maji inatoa 5,000. Ikae majimaji dakika 10. Ikikauka kwa dakika mbili, spora zilizojeruhiwa zinabaki hapo, na kwa kuwa hakuna kemikali ya pili inayozisubiri, jeraha halina faida. Kujaribu kuipa klorini nguvu kwa kuichanganya na siki ni kutengeneza gesi ya sumu. Anayepima usafi wa sakafu hiyo atie thiosalfeti ya sodiamu kwenye pamba ya kuchukulia sampuli ili klorini isiendelee kuua njiani kwenda maabara, na midia yake iwe na taurokolati, chumvi ya nyongo ambayo C. difficile huihitaji ili kuchipua. Bila taurokolati sahani itakuwa safi hata kama sakafu imejaa.

Kwa kiwanda kinachoomba kupunguziwa nitriti, jaribio la kuthibitisha linapaswa kutumia spora zilizopashwa joto ndani ya nyama yenyewe, kwenye kopo la ukubwa uleule, kwa F0 ya chini kabisa ambayo retoti inaweza kutoa siku mbaya, pamoja na mchumvi wa chini kabisa na pH ya juu kabisa vinavyopatikana katika uzalishaji. Kwa kuwa C. botulinum haifugwi kila mahali, C. sporogenes PA 3679 hutumika badala yake. Haina sumu, na kwa joto ni ngumu kuliko ndugu yake. Makopo yahifadhiwe kwenye joto la ghala la mahali bidhaa itakapouzwa, nitriti ipimwe kila mwezi sambamba na spora, na yasifunguliwe yote mwezi wa kwanza.